Mgeni wa Majani

Ndizi mbichi haina subira. Ukishaivua ganda, piga soga kidogo tu, ukigeuka imeshanuna, imekuwa nyeusi kama mtu aliyetukanwa mbele za watu. Kila mwanamke wa Rungwe anajua hivyo, na kila mmoja ana njia yake ya kuibembeleza: huyu chumvi, yule limau, mwingine anaitupa majini na kumwachia Mungu. Lakini ndizi za Ikupa, mama Asajile wa Kyimo, zilikuwa habari nyingine kabisa. Alizimenya jioni, zikalala kwenye beseni, na asubuhi zikaamka nyeupe pee, utadhani kisu kimetoka kuzipitia sasa hivi.

Siri yake ilisimama nyuma ya jiko mchana kweupe. Kilikuwa kichaka cha kufika kifuani, majani yake yanakwaruza kidogo ukiyashika, na maua madogo meupe yenye harufu ya asali. Alichuma majani, akayaponda, akayaloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yakawa na rangi ya chai nyepesi, kisha ndizi zikaingia. Basi, ndiyo hiyo tu. Mama yake alifanya vivyo hivyo kule Suma, na siku Ikupa alipoolewa Kyimo alikuja na mche wake umefungwa kwenye jani la mgomba. Mumewe, Ambilikile, mtu wa mzaha, aliupanda kwa mkono wake, na mpaka uzeeni hakuacha kuwaambia watu, "Wenzangu walitoa ng'ombe wakapewa wake. Mimi nimetoa ng'ombe nikapewa kichaka!"

Majirani waliomba matawi wakapanda kwao. Mengine yalikauka, mengine yakaliwa na mbuzi, mwisho wakaona ya nini kuhangaika na mama Asajile yupo.

Na kweli alikuwepo. Msiba wa Kinyakyusa si jambo la kijiko na kisahani. Watu hushuka kutoka kila mlima, wanakaa, wanalia, na wote wanakula. Mikungu ilikatwa mpaka shamba likaonekana limenyolewa, wanawake wakakaa duara na visu, na mabeseni yakapelekwa mahali pamoja. "Peleka kwa mama Asajile!" Hapo ndipo Ikupa alipokuwa mtu. Nyumbani alikuwa mkimya, hata kanisani aliimba kwa kunong'ona, lakini mpe kisu na mkungu uone. Atakusimulia habari za Suma, atakutania juu ya mkweo, atakufundisha kumenya bila kupoteza nyama ya ndizi. Tulia, jirani wa bondeni, aliolewa akiwa hajui kushika kisu vizuri, na kumenya alijifunzia hapo, begani kwa Ikupa, msiba baada ya msiba.

Kisha msiba ukaja kwake. Ambilikile alikufa kwa kifua, enzi zile sukari ilikuwa ya kupanga foleni. Mfiwa haendi jikoni, anakaa mkekani na kulia. Ikupa akakaa, akalia. Na katika kulia kule na kukimbizana, hakuna aliyekumbuka kwenda nyuma ya jiko kuchuma majani. Alipoletewa sahani aliitazama muda mrefu. Ndizi zilikuwa nyeusi. Ungesemaje jambo kama hilo siku kama ile? Lakini liliingia moyoni likajenga humo: marehemu wa wenzangu wote nimewasindikiza kwa ndizi nyeupe, wangu kaenda na nyeusi.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya Tukuyu yakajaa sabuni, mitumba ikamwagwa kando ya barabara, na kila kijana mwenye miguu akageuka mfanyabiashara. Asajile, mtoto wake wa pekee, alifuata bidhaa Tunduma, akavuka mpaka. Salamu zake zilikuja mara moja, kwa mdomo wa dereva wa lori, halafu kimya. Tulia naye akaanza kuuza mitumba sokoni, akawa mtu wa kutoka alfajiri na kurudi kiza kikiingia. Na misibani ukaingia wali! Watu waliona haya kulisha waombolezaji ndizi, chakula cha kila siku. Mchele ukaletwa kutoka Kyela, wapishi wakakodiwa Tukuyu, wanawake wenye masufuria ya kumwogeshea ndama na sauti za kuamrisha.

Msibani haitwi mtu, unakwenda mwenyewe. Ikupa alikwenda. Lakini kwenda na kisu chako umekifunga kwenye pindo la kanga, ukakaa nacho mpaka jua linazama hakijagusa hata ganda moja, jamani, huo nao ni msiba ndani ya msiba. "Wewe pumzika, mama," walimwambia kwa heshima zote. "Kuna watu wa kazi." Akapumzika. Akapumzishwa mpaka akasahaulika. Nyumbani mikono yake ilikataa kujifunza kumenya kwa mtu mmoja. Ilimenya beseni zima, na ndizi zikabaki pale, nyeupe, zinamtazama. Waliosema upweke ni uvundo hawakukosea.

Mpaka siku Prisca alipopiga hodi.

Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu, isiyojua kumaliza. Mlangoni alisimama msichana mwembamba, mwavuli umevunjika ubavu mmoja, viatu vimekuwa matope matupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia! Nani kakutoa nje na hali hii?"

Alikuwa Prisca, mzaliwa wa Singida, mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, aliyepanga kwenye nyumba ya wageni Tukuyu. Alikuwa anafanya utafiti wa mimea ambayo watu huitumia kuhifadhi chakula, na mpishi wa pale alimsimulia habari za mama mmoja wa Kyimo ambaye ndizi zake hazigeuki rangi. Prisca mwenyewe kwao alikula ndizi mbivu tu, hivyo hakuelewa ajabu iko wapi. Ikupa akammenyea mbili. Moja akaiweka sahanini hivi hivi, nyingine akaichovya kwenye maji yake ya majani. Walipomaliza kunywa chai, ile ya kwanza ilikuwa imeshavaa nguo za msiba na ya pili haijui kama kuna aliyekufa. Msichana aliruka kitini!

"Mama, ndani ya ndizi kuna kitu kinaitwa kimeng'enya. Ukishaimenya, hewa ikaingia, hicho kimeng'enya kinaanza kazi ya kuigeuza nyeusi. Nadhani majani yako yanakizuia."

"Kumbe ndizi ina mfanyakazi ndani?"

"Inaye, tena mchapakazi kweli."

"Basi majani yangu yamempunguza kazi, kama walivyopunguzwa watu wa viwandani."

Prisca alicheka mpaka akashika mbavu, na Ikupa akashangaa kusikia kicheko kingine kimeungana na chake. Aliivuta mikungu iliyokuwa imening'inia, akapika mbalaga, ndizi zilizochanganywa na maharage na maziwa, akamlazimisha mgeni kurudia sahani. Wakati Prisca anakula, yeye alikuwa nje anaosha vile viatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na Ikupa alipona siku ile, hilo halina ubishi.

Prisca aliondoka na mfuko wa majani. Baada ya majuma kadhaa akarudi, akasema ametengeneza kamuo, yaani maji yaliyokamuliwa kutoka majani yale, na kulipima. Safari hii alieleza juu ya kutu. Hewa tunayovuta, alisema, inatupa uhai lakini pia inatuchakaza ndani kwa ndani, kama jembe lililoachwa nje, na kuna mimea yenye vitu vinavyozuia kuchakaa huko. Kamuo la kichaka cha Ikupa lilikuwa navyo kwa wingi.

"Mbona Ambilikile majani haya hayakumzuilia kuchakaa?" Ikupa aliuliza.

"Sisemi ni dawa, mama. Nasema tuendelee kupima."

"Haya, pima, mwanangu."

Akarudi tena maua yalipochanua, maana alitaka kupima na maua. Alikuja na habari kwamba kamuo lile linazuia hata kimeng'enya kinachosaga wanga tumboni kuwa sukari. Huenda siku moja, mbali huko, wenye ugonjwa wa sukari wakanufaika. "Ila hiyo ni kwenye chupa, mama. Kwa mtu bado." Ikupa aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nikwambie ukweli, vimeng'enya vilimpita sikio hili vikatokea sikio lile. Alichosikiliza ni sauti ya mtu ndani ya nyumba. Siku hiyo, huku wakimenya pamoja, Prisca akimenya vibaya kama mtoto, Ikupa alimweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza yeyote: zile ndizi nyeusi za msiba wa Ambilikile. Prisca hakuandika chochote. Aliweka kisu chini, akamshika mkono ulioganda utomvu, wakakaa hivyo.

Tulia alikuwa akipita njiani siku za mapumziko yake, akiona mwavuli umeegemezwa mlangoni, anageuka. Mama Asajile ana mgeni wa maana, alijisemea, mimi niende na mitumba yangu wapi?

Sasa sikiliza kosa lilipoingia. Prisca alikuwa anafunga mfuko wa maua, akasema kwa furaha yake, bila ubaya wowote, "Nadhani nimemaliza, mama. Majani ninayo, maua ninayo."

Kumaliza! Ikupa akaona njia ile tupu, beseni lile, kimya kile cha jikoni. Na mdomo wake, ambao tangu azaliwe haukuwa na sifa ya uongo, ukafunguka wenyewe.

"Lakini nguvu yenyewe hasa iko kwenye mizizi."

"Mizizi?" Prisca alitoa kalamu tena. "Mbona hukuniambia?"

"Ni mambo ya wazee, hayasemwi ovyo. Wala haichimbwi ovyo. Mpaka maua yadondoke yote."

Hapajawahi kutokea mtu wa Suma wala wa Kyimo aliyechimba mizizi ya kichaka kile. Ikupa mwenyewe hakujua ina rangi gani. Lakini Prisca aliandika, akaahidi kurudi, na kurudi ndiko kulikotakiwa. Alipokuja maua yamedondoka, akaambiwa mwezi ni mchanga, mizizi huchimbwa mwezi ukikomaa. Akaja mwezi umekomaa, akaambiwa kuna msiba ng'ambo ya mto, na msiba ukiwapo mizizi haichimbwi, itatoka imekufa nguvu. Uongo ule, lo, ungemtosha mganga kufungulia duka! Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Ikupa ilipanda na kushuka milima ya Rungwe mwaka mzima, na kila kona yake ilikuwa na sahani ya mbalaga na mtu wa kucheka naye. Akiwa peke yake aliona aibu. Alijiapiza kwamba akija tena atamwambia ukweli. Prisca alipokuja, akamwambia bado.

Kiangazi kilipoingia, asubuhi moja akasikia gari. Alikuwa ameshamenya beseni zima, maana Prisca alisema angekuja mwezi huo. Alitoka mbio anafuta mikono. Aliyeshuka kwenye Land Rover alikuwa mwanamume mwenye masharubu, na mikononi ana sururu na magunia.

"Shikamoo, mama. Mimi naitwa Obed, nafanya kazi na dada Prisca chuoni."

"Marahaba. Yeye yuko wapi?"

"Yuko Dar anaandika, muda umembana. Amenituma nimalizie hii mizizi. Masharti yote amenipa: maua yamedondoka, mwezi umekomaa, na nimeuliza huko njiani, msiba hakuna." Alitabasamu kwa fahari ya mtu aliyetumwa akatumika vizuri.

"Kaa kwanza ule, mwanangu. Ndizi ziko tayari."

"Tungekaa, mama, lakini leo tunataka kulala Iringa."

Ikupa alitazama sururu. Akatazama kichaka kilichopandwa kwa mkono wa Ambilikile. Akaona hapa hapana tena mwezi wala msiba wa kumwokoa.

"Usichimbe. Mizizi ile haina kitu," alisema. "Niliongopa."

Obed aliangua kicheko, cha upole lakini kicheko. "Wazee wetu bwana! Jambo likikaribia kujulikana mnalificha. Dada Prisca alinionya, kwenye mizizi mama ni mgumu."

"Sifichi, baba. Nilisema vile ili awe anakuja. Nilitaka aje tu."

Obed hakuwa mtu mbaya. Aliacha kucheka, akakuna kichwa, akatazama saa yake, akamtazama dereva aliyebaki garini. Alikuwa ametumwa mizizi na alichopewa ni maneno ambayo hakujua ayaweke gunia gani.

"Sasa mimi nikamwambieje, mama? Nimwambie umekataa?"

Neno hilo lilimkata Ikupa. Amekataa! Prisca ameketi huko Dar, anaambiwa mama wa Kyimo amekataa, baada ya mwaka mzima wa kutembea na matope. Atamwona ni mchoyo. Hatakanyaga tena. Ikupa alihesabu haraka haraka, kama mtu anayezama anavyohesabu matawi: kichaka kikienda, Prisca anaweza kurudi kushukuru. Kichaka kikibaki kwa kukataa, harudi kamwe.

"Chimba," akasema.

Kichaka kilikuwa mzee, mizizi yake imekumbatiana na kila jiwe lililokuwa chini ya jiko. Obed alidhani atachukua ya upande mmoja, lakini kilipoanza kulegea kililala chote. Akaona heri achukue na matawi, majani nayo yasingekosa kazi. Alifanya kazi safi. Alifukia shimo, akasawazisha udongo kwa mguu, akanawa. Kisha akaleta kutoka garini kanga mpya, sukari na sabuni, akazikabidhi kwa mikono miwili.

"Dada Prisca anakushukuru sana. Anasema amekusumbua mwaka mzima, na anaomba radhi. Sasa kazi imekwisha, mama. Hutasumbuliwa tena."

Gari liliondoka. Ikupa alisimama na sukari yake mpaka mlio ukapotea upande wa barabara kuu, halafu akaingia jikoni akalia. Alilia kwa sauti ya msibani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia nyamaza, mama, imetosha. Alimlilia Prisca, akamlilia Asajile, akarudi akamlilia Ambilikile ambaye hata kichaka alichomtania nacho maisha yote kimekwenda kulala Iringa. Ndizi hakuzipika. Angempikia nani?

Asubuhi zilikuwa kwenye beseni, nyeupe pee, na maji yale ndiyo yalikuwa ya mwisho. Alilipeleka beseni barazani, akakaa nalo mapajani, maana mikono haikujua pa kwenda. Hapo ndipo Tulia alipotokea kwenye migomba, anapanda polepole kutoka bondeni.

"Mugonile, mama," alisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, Tulia. Leo huendi sokoni?"

"Leo nimejipumzisha. Nimesikia gari kwako jana, halafu usiku sikuona moshi, nikasema hapana, ngoja nikamwone mama Asajile. Siku nyingi hatujamenya pamoja." Alishakaa kwenye ngazi, anafungua pindo la kanga, na ndani ya pindo kulikuwa na kisu chake kidogo. Akaona beseni. "Ee! Kumbe umeshamenya. Mbona nyingi hivyo? Unamngoja mgeni wako?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Simngoji mtu, Tulia, hayupo wa kumngoja, kaa. Lakini macho ya Ikupa yalikuwa bado yamevimba, aibu ilikuwa mbichi, na ulimi kwa mwaka mzima ulikuwa umezoea njia moja.

"Ndiyo," alisema. "Prisca anakuja. Yuko njiani."

"Aa!" Tulia alisimama haraka, kwa heshima zake zote, akifunga tena kisu kwenye pindo. "Basi nisikusumbue, mama. Wasomi wana mazungumzo yao. Nitakuja siku nyingine, ukiwa huna mtu."

Akashuka, anapisha majani ya migomba kwa mkono mmoja. Ikupa alinyanyuka na beseni lake mpaka ukingoni mwa baraza. Jina la Tulia ni fupi, lingetoka kwa pumzi moja. Alisimama pale, mdomo wazi, mpaka kanga ikapotea bondeni, na halikutoka.